Chini ya Orodha

Miaka ishirini na saba nilikaa ghorofa ya tatu,
kampuni ya bima, dirisha linatazama reli,
nikiingiza majike kwenye safu:
namba ya mteja, aina ya mbwa, umri, sababu ya dai.
Sababu mara nyingi ilikuwa neno moja: usaha.
Usaha ndani ya mfuko wa uzazi,
wiki kadhaa baada ya joto kupita,
mwenye mbwa ameshasahau madoa kwenye zulia.

Niliwajua kwa koo zao kama mwenye duka ajuavyo madeni.
Wale wakubwa wa milima ya Bern, weusi, kifua cheupe,
walijaza kurasa kabla ya uzee.
Rotwaila. Koli wa manyoya marefu.
Springa walikuja kwa mlango mwingine:
kijiwe chini ya chuchu, kama dengu, kisha kama njugu,
kisha barua yenye risiti ndani.
Chotara wasio na karatasi walichelewa,
lakini nao walikuja.

Na chini kabisa ya orodha,
pale kidole changu kilipopumzika,
mbwa wawindaji wa kisiwa cha Gotland,
rangi ya asali, wachache hata kwao.
Nilipostaafu nikanunua mmoja.
Sikumchagulia macho. Nilimchagulia safu.
Nikamwita Ylva.

Huku kwetu hatukuzoea kukata kisichouma.
Baba alisema jike aachwe alivyoumbwa,
na mimi niliyezisoma hesabu nikasema:
aliye chini ya orodha ana haja gani na kisu?

Novemba, Östersund, Ylva ana miaka tisa.
Giza linaingia saa tisa alasiri.
Alimaliza bakuli la maji. Nikalijaza.
Akalimaliza tena.
Nikadhani ni joto la nyumba linalokausha hewa.
Dalili ya mvua ni mawingu;
dalili ya hili ni kiu, na kiu ilikuwa safu ya sita,
niliiandika mara elfu kwa mkono huu,
na mkono huu ndio uliofungua bomba.

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Lakini yeye hakuficha.
Alilala kwenye vigae vya bafuni,
alipanda ngazi moja akasimama,
akanitazama kama mtu anayengoja foleni isonge.

Daktari Tuva ana umri wa mjukuu wangu.
Akapitisha mashine tumboni, akanionyesha
mirija minene, myeusi, imejikunja kama soseji.
"Mlango wa kizazi umejifunga. Ndiyo maana hukuona kitu kikitoka.
Ni usiku huu. Kesho hatuna."
Nikamweleza kuhusu orodha.
Kweli nilimweleza, nimesimama na kofia mkononi,
nikamtajia asilimia pamoja na nukta zake.
Alinisikiliza huku akivaa glavu.
"Asilimia ni ya ukoo," akasema. "Tumbo ni lake."

Nikangoja. Kando yangu Berit, jirani aliyetuleta kwa gari,
na Hulda wake wa Bern, hajawahi kuguswa na kisu,
miaka kumi na mmoja — kumi na mmoja! —
anakoroma juu ya kiatu changu.
Mbwa kama huyo sikuwahi kumwona kwenye safu.
Ningemwonaje? Mzima haandikiwi barua.

Kilo moja na nusu. Walikipima, sijui kwa nini.

Ylva alirudi tumbo limenyolewa,
akanywa kidogo, akaacha. Nililitazama lile bakuli,
maji yamebaki nusu, yametulia,
nikakaa sakafuni.

Siku hizi tunatembea hadi ziwani, polepole.
Wenye majike hunisimamisha, wanajua nilifanya kazi wapi.
Wa kwangu yuko wapi kwenye orodha?
Nawaambia. Namba sizifichi,
wala sifichi kwamba kisu nacho kina deni lake:
wapo wanaovuja mkojo usingizini,
wapo wakubwa ambao kukatwa mapema huwaharibu magoti.
Waende kwa Tuva, wapime.

Kisha nawauliza kitu kimoja,
na wengi hawana jibu:
jana alikunywa maji kiasi gani?